Mapipa ya Kota Yanaondoka, Theodosia Anabaki

Ukungu bado umelala juu ya migomba, na Theodosia Niyonsaba ameinama ndani ya pipa hata kichwa chake hakionekani. Kinachoonekana ni mgongo uliofungwa khanga iliyopauka, na nyayo mbili zilizopasuka kama shamba la kiangazi. Anakwangua majivu yaliyomwagwa juu ya maganda ya ndizi. Anayakumba kwa viganja, anayatenga pembeni, anakohoa, anainama tena.

"Ya chini hayajaharibika," anasema akitoka, nyusi zote nyeupe kwa jivu. "Nguruwe atakula. Leo atakula."

Anasema leo kwa sababu ya kesho hana habari nayo. Asubuhi hii mapipa matatu ya kota hii mjini Kibondo yanachukuliwa, na hayatarudishwa. Kwa familia zinazoishi hapa ni usumbufu mdogo, kama bomba likikatika siku mbili. Kwa Theodosia, mjane asiye na shamba, ni mwisho wa njia pekee aliyokuwa nayo ya kula bila kunyoosha mkono kwa mtu.

Kota yenyewe ni nyumba moja ndefu ya matofali, milango minane chini ya paa moja la bati. Familia nane zina ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu nani hakufagia. Nyuma ya jiko la mwisho, penye kivuli cha mti wa mpera, ndipo yanaposimama mapipa.

La kwanza ni la maganda na mabaki ya chakula. La pili ni la makopo na chupa. La tatu ni la majivu ya jikoni. Mwaka wa sabini na tatu wapangaji walikubaliana kutenga taka zao hivyo, na Theodosia akapewa kazi ya kuyamwaga mapipa, malipo yake yakiwa ni vile vilivyomo.

Maganda humlisha nguruwe wake. Makopo humpelekea Isihaka, fundi wa sokoni anayeyageuza kuwa koroboi. Chupa huchukuliwa na wanawake wanaopima mafuta ya mawese, nao humpa chumvi na sabuni. Majivu huyahitaji wakulima wa Murungu kwa kuhifadhia maharage yasitobolewe na wadudu, nao humletea mihogo. Nguruwe akizaa, kila mtoto wa nguruwe hubadilishwa kwa madebe mawili ya mahindi.

Si utajiri. Kuna miezi anayokula mara moja kwa siku, na mvua za masika huingia ndani ya kibanda chake kana kwamba zimekaribishwa. Lakini kwa miaka mitano hajamwomba mtu.

"Pipa halikuulizi wewe ni nani," anasema. "Unainama, unachukua, unakwenda. Halikwambii subiri nje. Halikwambii jana si ulipewa?"

*

Theodosia alivuka mpaka kutoka Burundi kuingia Mabamba mwaka wa sabini na mbili, akiwa na mumewe, Pasikali, na binti yao, Maximilla. Waliacha kilima chenye kahawa, migomba na ng'ombe watatu. Hapendi kueleza walivyotoka. Ukimuuliza, anaanza kuhesabu migomba, na akifika mahali fulani anaanza upya.

Pasikali alifika na kifua kibovu. Maximilla aliolewa na mkulima wa Murungu, na mpaka leo anaishi huko. Mama hawezi kumfuata, kwa kuwa kwa mila zao mama mkwe hakai nyumba moja na mkwewe, wala hali mbele yake. Basi Theodosia na mgonjwa wake wakabaki pembeni ya mji, katika kibanda walichoazimwa na muumini mmoja, mahali ambapo ukitoka mlangoni hatua chache umeshaingia shambani kwa mwingine.

Wakati huo Tharsisi, karani anayekaa mlango wa kwanza wa kota, alikuwa balozi wa nyumba kumi, kama alivyo hata sasa. Ndiye aliyemwona mama huyu akipita kila siku kuuliza kibarua cha kulima. Akamhurumia.

"Nilimwambia, 'Mama, njoo Jumatatu. Tumekubaliana utapewa taka zote za nyuma ya kota,'" anakumbuka Tharsisi. "Akapiga magoti, akanishika mikono miwili, akalia. Mimi nikasema moyoni, jamani, huyu mama anapenda usafi kuliko sisi sote!"

Jumatatu Theodosia alifika na jembe begani. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga mbegu za maharage. Alimwamkia balozi, akatazama nyuma ya kota kushoto na kulia, kisha akauliza kwa adabu mpaka unaanzia wapi.

Kwao, neno itaka ni udongo. Yeye alisikia kwamba amepewa ardhi.

"Mimi ni Muha, lugha zetu ni ndugu," anasema Tharsisi, na bado anacheka, ingawa anajikuna kichwa. "Nilipaswa kuliona kosa lile mapema. Lakini nilikuwa nasema Kiswahili cha ofisini, na yeye alikuwa anasikiliza kwa masikio ya nyumbani."

Milango yote minane ilicheka siku ile. Watu walitoka na miiko mikononi. Tangu hapo wakamwita Mama Shamba, na jina limeganda. Hata asubuhi hii, Bi Kuruthumu wa mlango wa nne, akifungua dirisha, amemwita hivyo hivyo.

"Mama Shamba, mavuno vipi?"

"Yamepata ugonjwa, Bi Kuruthumu."

"Pole, mwaya. Utakunywa chai?"

"Nikimaliza. Nikinywa sasa nitakunywa jivu."

Theodosia naye hucheka wanapolikumbuka jembe lile. Asichokisimulia kirahisi ni kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo alikwisha kumwambia mumewe.

"Nilimwambia, 'Pasikali, tumepewa itaka.' Alikuwa hajakaa kitako wiki nzima. Akakaa. Akasema tusali. Tukasali Baba Yetu, akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akashindwa kuendelea kwa kulia."

Jioni ya Jumatatu alirudi kibandani na debe la maganda. Mumewe alikuwa anamsubiri, macho yako mlangoni.

"Akaniuliza, 'Udongo wake ukoje?' Nikatafuta namna ya kumwambia. Nikamtazama. Nikasema, 'Mweusi.' Akauliza, 'Una mawe?' Nikasema, 'Hauna.' Akasema, 'Basi tangulia na maharage.'"

Kila siku aliuliza maharage yamefika wapi, naye kila siku alimjibu. Yameota. Yametoa majani mawili. Yametoa ua. Siku moja mpangaji alitupa maharage yaliyonyeshewa na kuchipua, akayaweka juu kabisa ya pipa, ndani ya karatasi. Theodosia akayaosha mara nyingi, akayachemsha bila chumvi, akampelekea mgonjwa.

"Akauliza, 'Ndiyo haya?' Nikasema, 'Ndiyo haya.' Akala polepole, moja moja. Akasema udongo ule una nguvu."

Pasikali alikufa kabla mvua hazijakoma. Amezikwa kwenye makaburi ya kanisa. Theodosia anapofika hapa anaacha kukwangua, anaegemea ukingo wa pipa, anatazama mikono yake.

"Alikufa akiwa mkulima," anasema. "Sijui kama Mungu aliniandikia uongo au sadaka. Nitamuuliza nikifika."

*

Haikuwa rahisi kwa familia nane kutumia mapipa matatu. Wapo walioficha chupa wauze wenyewe. Wapo waliomwaga majivu yenye moto, pipa likatoboka. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa nguruwe.

Bi Kuruthumu na mumewe, Athuman, mlinzi wa ghala, ni Waislamu. Bi Kuruthumu alipojua maganda yanakokwenda, alisimama katikati ya ua akiwa na kipeto cha maganda mkononi.

"Mimi sina neno na mtu wala na mnyama wake," alisema, na leo anayarudia maneno hayo bila aibu. "Lakini debe linalotoka kwa nguruwe lisiguse pipa ninalolishika mimi. Nitapikaje? Nitaswalije?"

Theodosia hakubishana. Siku iliyofuata alikuja na madebe mawili. Moja, lenye mpini wa waya, huchota pipani, na halivuki jiwe kubwa lililoko njiani nje ya ua. Hapo jiweni maganda humiminwa ndani ya debe la pili, nalo ndilo huenda bandani. Akirudi hunawa kwa majivu na maji kabla ya kugusa lile la kwanza. Amefanya hivyo kila siku, hata siku za homa.

"Nilimvizia mwezi mzima," anakiri Bi Kuruthumu. "Nilijificha nyuma ya nguo kwenye kamba, nimwone akikosea. Hakukosea. Basi nikaona, huyu ni mtu wa dini. Yake siyo yangu, lakini ni ya kweli."

Hivyo mambo yalikwenda, kwa kusukumana na kusameheana, mpaka mwaka huu wa sabini na nane redio ilipoanza kutangaza habari za kipindupindu. Bwana afya akazunguka mitaa. Alipofika nyuma ya kota, akaziba pua, akafunua mapipa kwa fimbo. Ndani ya maganda alikuta chupa iliyovunjika na kitambaa cha mtoto.

Aliwapa juma moja. Akirudi na kukuta kila pipa lina kitu chake na kifuniko chake, yatabaki. Akikuta kimechanganywa hata kimoja, yataondoka, na litachimbwa shimo mbali na nyumba. Humo kila kitu kitatupwa na kuchomwa moto.

Jioni hiyo balozi aliita mkutano uani. Theodosia aliitwa, lakini alisimama karibu na bomba, kwa kuwa viti vilikuwa vya wapangaji.

"Ndugu zangu," alisema Tharsisi, "ni juma moja tu. Maganda kwenye maganda. Kopo kwenye makopo. Hata mtoto anaweza."

"Kwa hiyo mimi nikila ndizi nianze kufikiri ganda lake liende wapi?" aliuliza Reverien, dereva kijana wa mlango wa sita. "Si bora nimeze na ganda lake!"

"Meza, Reverien," Bi Kuruthumu alimjibu. "Labda utanenepa upate mchumba."

Watu wakacheka. Kisha Esteri wa mlango wa tatu, mama mkimya, mwanakwaya mwenzake Theodosia, akasema jambo ambalo halikuchekesha.

"Sisi tukikosa mapipa tutatembea mpaka shimoni. Yule pale akikosa mapipa atakwenda wapi?"

Wote wakageuka kutazama bombani. Theodosia akainamisha kichwa. Reverien akasema, "Haya, nimesikia. Sitameza."

Na walitenga. Kwa siku chache zile, kwa mara ya kwanza tangu mapipa yaletwe, haikuonekana chupa ndani ya maganda wala ganda ndani ya majivu. Athuman alitengeneza vifuniko vitatu kwa mabati ya zamani. Reverien alionekana akirudi nyuma kuokota kizibo alichokuwa amekitupa mahali pasipo pake. Theodosia alifunga siku ya mwisho, akakesha katika sala.

Usiku huo Esteri naye hakulala vizuri. Alikuwa anawaza inzi. Maganda yalikuwa ya kutwa nzima, kulikuwa na joto, na bwana afya alikuwa amesema sana kuhusu inzi. Kwao Esteri, na kwa Waha wengi wa vijijini, dawa ya inzi inajulikana. Chooni hutiwa majivu. Kila siku mama hutia karai la majivu, harufu inakufa na inzi wanahama.

Basi alfajiri, kabla watu hawajaamka, Esteri alichota majivu kwenye pipa la tatu, akayamwaga juu ya maganda katika pipa la kwanza. Akatia tena mpaka kijani chote kikafunikwa. Hakuonekana inzi hata mmoja. Akalifunika pipa, akarudi ndani akimshukuru Mungu kwa wazo lile.

Bwana afya alifika, akafunua.

"Hili ni pipa la nini?"

"La maganda, Ndugu Bwana Afya," akajibu balozi.

"Haya ninayoyaona ni maganda?"

Esteri akatoka mbele, mikono imefungwa kifuani kama anayekwenda kupokea komunyo.

"Ni mimi, baba. Nilitia majivu kuua inzi. Si uchafu. Ni dawa. Hata chooni tunatia."

"Mama, nilisema yasichanganywe."

"Hatukuchanganya kwa ubaya, baba. Huyu mama Theodosia anategemea..."

"Nimetumwa kutazama," alisema bwana afya. "Sikutumwa kusikiliza."

Hakuwa mtu mkali, wanasema wote. Alisema kwa upole, na uso wake ulionyesha kwamba jambo lile halimfurahishi. Lakini alikwisha kuwaambia sharti mbele ya mashahidi, na mitaa mingine ilikuwa inatazama. Akafunika pipa taratibu, akaondoka.

Esteri alikaa chini palepale, juu ya udongo, akaweka khanga usoni. Theodosia ndiye aliyemwendea. Akamwinua, akampangusa.

"Kama ungenichukia, ningelia bila shida," alimwambia. "Ulinipenda, Esteri. Sasa nimlaumu nani?"

*

Trekta linafika wakati jua linaanza kukata ukungu. Wanaume wawili wanashuka kwenye tela. Hawana maneno mengi. Wanalilaza pipa la makopo kwanza, linavingirika kwa kelele, na kuku wa mlango wa pili wanatawanyika.

Theodosia amejaza debe la mpini wa waya, lakini pipa la kwanza bado lina maganda chini.

"Baba, nipe muda kidogo nimalize," anamwambia mmoja.

"Mama, tuna mitaa mitatu leo."

"Kidogo tu. Yako chini."

Mwanamume anamtazama mwenzake. Mwenzake anatazama juu. Wanamwachia. Anainama, anakwangua kwa kucha mpaka bati linalia. Anapotoka ameshika kitu kilichojaa viganja viwili, maji meusi yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Anakitia debeni. Kisha anawasaidia kulilaza pipa, kwa sababu upande wa chini ni mzito, na yeye ndiye anayejua linaposhikwa.

Wapangaji wametoka milangoni. Hakuna anayecheka. Trekta linakunja kona, na nyuma ya jiko vinabaki viduara vitatu vya ardhi iliyopauka. Theodosia anachukua ufagio, anafagia hapo.

Shimo limekwisha kuchimbwa, ng'ambo ya uwanja. Jioni litawashwa moto wa kwanza. Agizo ni kwamba hakuna kuweka taka ndani, wala nje ya mlango. Kila nyumba ipeleke zake shimoni mara tu baada ya kupika.

Tharsisi anasema watamsaidia. Akiulizwa namna gani, anasugua mikono. "Tutaona. Mungu hamtupi mja wake. Lakini mimi ni balozi, siwezi kuwa wa kwanza kuvunja agizo."

Bi Kuruthumu amekuja na kikombe cha chai, akakishika mpaka chai ikapoa. Esteri hajatoka. Mlango wa tatu umefungwa tangu jana.

Bandani, nguruwe anapiga kelele. Ana mimba. Akipata chakula mpaka ajifungue, watoto wanaweza kufika wanane, na mahindi yake yanaweza kumfikisha Theodosia kwenye mvua za mwakani. Akikosa, mimba itatoka, na Theodosia anajua hivyo. Njaa ya siku tatu tu inatosha.

Mpango anao. Ameuwaza usiku kucha, na anausimulia bila kuinua macho. Kesho atakwenda na debe lake mlango kwa mlango, wakati wanawake wanamenya ndizi, kabla maganda hayajawa taka na kupelekwa motoni. Atasimama. Atabisha hodi. Atasema anachokitaka. Milango minane, asubuhi na jioni.

"Wawili watanipa," anasema. "Esteri akifungua, watatu. Wengine wataniambia kesho. Nitakuwa nasimama hapo nikiwatazama wanavyomenya, na watamenya haraka niondoke. Najua. Na mimi nilikuwa na mlango wangu, na watu walisimama."

Jina la Niyonsaba alipewa na baba yake siku alipozaliwa. Kwa Kirundi ni kusema, "Yeye ndiye ninayemwomba." Mzee yule alikuwa na migomba na ng'ombe, na aliwatangazia majirani kwamba binti huyu ataomba kwa Mungu peke yake, hataomba kwa mtu.

Theodosia anaweka kata kichwani, anajitwisha debe. Anatembea mpaka jiweni, anamimina maganda polepole asidondoshe hata moja, anayapeleka bandani, na akirudi ananawa mikono kwa yale majivu machache yaliyobaki.

"Leo alfajiri nilimwambia Mungu asikasirike," anasema. "Nilimwambia, kuanzia kesho nitakuwa nawaomba na watu wengine."